Mkono Uliokataa Kusomeka

Keziah Dransfield hakutaka kukaa karibu na mlango. Sajenti Wilma Terpstra alimvutia kiti, yeye akakiburuta mpaka pembeni, akakaa mgongo wake umegusa ukuta. Kabla ya kusema neno akauweka mkono wake wa kushoto mezani, kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda.

"Kiko humu," alisema.

Baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, chini ya ngozi, palikuwa na kivimbe chembamba mfano wa punje ya mchele. Asiyeambiwa angedhani ni mshipa.

"Chipu," alisema Terpstra.

"Chipu. Ndiyo ufunguo wangu wa nyumba." Keziah alikigusa kile kivimbe. "Mimi nafundisha watoto kuogelea, Sajenti. Nguo ya kuogelea haina mfuko. Funguo nimepoteza mpaka mwenye nyumba akachoka nami, akanifungia kitasa cha kisasa, kile cha kugusisha kadi. Nikaambiwa, kadi nayo si utaipoteza vilevile? Weka mkononi. Nikaweka."

"Na sasa?"

"Na sasa kuna mtu anaingia nyumbani kwangu."

Konstebo Desmond Pybus, aliyekuwa amesimama dirishani akimalizia pai ya kome, aliacha kutafuna.

"Ameiba nini?"

"Hajaiba kitu. Afadhali angeiba." Sauti yake ilishuka. "Wiki iliyopita nimerudi mchana, birika lina moto. Nimeligusa hivi, nikaruka. Naishi peke yangu mimi. Juzi nimekuta taulo langu bichi. Jana..." Aliutazama mlango wa ofisi mpaka Pybus naye akageuka kuutazama. "Jana mto wangu wa kitandani ulikuwa umebonyea. Umelaliwa. Na kitanda nakitandika kila asubuhi, mama yangu alinilea hivyo."

Aliisukuma simu yake mezani. Kitasa kile kiliweka kumbukumbu: kila mlango ulipofunguliwa, simu ya Keziah ilitaja kilichoufungua. Terpstra alisoma. Hakukuwa na kadi ya mwenye nyumba wala namba ya siri iliyobonyezwa. Kila mara palikuwa na neno lilelile: Mkono. Na nyakati hizo Keziah alikuwa bwawani, maji kifuani, wazazi wamejipanga ukingoni wakimtazama na watoto wao.

"Labda kitasa kimeingiwa na wazimu," alisema Pybus.

"Kitasa kichemshe birika?" Terpstra alimjibu bila kugeuka. "Dada, nani anakutakia mabaya?"

"Dale. Mume wangu wa zamani."

Pybus alitoka kwenda kupiga simu. Aliporudi alikuwa anatikisa kichwa. Dale alikuwa migodini kule Australia Magharibi, chini ya ardhi, na msimamizi wake alisema hajatia mguu Tasmania tangu Pasaka.

Habari hiyo ingempa mtu nafuu. Keziah ndiyo kwanza aliinuka akaenda kufunga dirisha. Anayemjua adui yake hulala kidogo. Asiyemjua halali kabisa.

"Mniambie basi," alisema. "Maana hiki kitu hakisomeki! Tangu siku ya kwanza simu yangu inakikataa. Nilitaka niandike humo kwamba penisilini inaniua, nikianguka waokoaji wajue. Nimegusisha simu mpaka mkono ukachubuka. Kitasa kinakisoma, simu haitaki. Sasa kama mimi mwenyewe nashindwa kukisoma na kimo mwilini mwangu, huyo mwenzangu amekisomaje?"

Terpstra aliiacha kalamu yake.

"Hilo ndilo swali," alisema. "Aliyekuwekea ni nani?"

"Moyle. Wa kutoboa masikio, mtaa wa Elizabeth." Aliukumbatia mkono wake. "Yule mtu ananitisha, Sajenti. Mpaka kope amezichora. Huenda aliniwekea kitu kingine. Huenda sasa hivi ananiona nilipo."

*

Tad Moyle alikuwa pande la mtu, na kweli kope zake zilikuwa na michoro. Akipepesa macho unaona majani ya buluu. Alimpokea Terpstra akiwa amevaa glavu, akanusa harufu ya polisi, akazivua polepole.

"Afande, sikio au pua? Pua yako ingependeza na kipini."

"Nimekuja kwa ajili ya mkono wa Keziah Dransfield."

Mzaha ukamtoka Moyle usoni. "Umeoza?"

"Haujaoza. Simu yake haiusomi."

"Ah!" Alishusha pumzi, akakaa. "Umenitia hofu. Hiyo mbona kawaida? Hebu leta simu yako."

Terpstra alimpa. Moyle alinyoosha mkono wake mwenyewe, ambao nao ulikuwa na kivimbe palepale. "Haya, isome yangu."

Terpstra aliubandika mgongo wa simu juu ya ngozi. Hakuna. Akasogeza juu, akasogeza chini. Hakuna. Akaikandamiza.

"Unaikandamiza ya nini, unapiga pasi?" Moyle alicheka. "Wote mnafanya hivyo. Sikiliza. Hiki ni kichupa cha kioo, ndani kuna waya umesokotwa, mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Hakina betri. Kinakula umeme wa simu yenyewe. Na simu haitoi umeme huo mgongo mzima. Yako inautoa huku juu, karibu na kamera. Sasa, usiibandike kama plasta. Ikingamishe. Ukingo wa juu upite juu ya kichupa. Taratibu. Tulia."

Terpstra aliikingamisha, akatulia. Simu ikalia, na kwenye kioo zikatokea namba.

"Unaona? Sasa chukua mtu ametoka kuchomwa sindano. Mkono umevimba, kichupa kimezama. Wiki mbili za mwanzo simu nyingi zinahangaika. Uvimbe ukiisha, mambo shwari."

"Wa Keziah umeshapoa. Bado simu inakataa."

Moyle alikunja uso. "Alirudi hapa wiki ya tatu kuangalia kidonda. Nikamsoma kwa simu yangu, mara moja tu, ikalia. Nikamwambia chipu nzima, shida iko kwenye simu yako. Akasema hapana, simu yake ni mpya. Akaenda zake kwa wale wa karakana."

"Karakana ipi?"

"Ya Moonah. Watu wanakutana Jumamosi, wanatengeneza redio, roboti, takataka za namna hiyo. Ndio waliomshawishi aje kwangu."

Terpstra aliandika jina hilo. "Mtu akikisoma, anaweza kunakili?"

"Ya kwake ni ya kawaida. Kitasa kinaangalia namba tu. Ukiipata namba, umepata ufunguo. Ila isije ikawa unafikiri mtu anapita karibu yako barabarani anaichukua. Wewe mwenyewe umeona. Lazima mkono utulie, tena utulie hasa."

"Na hiyo nakala anaiweka wapi? Kwenye kadi?"

"Kadi, pete, popote." Alizipepesa zile kope zake za buluu. "Zipo pia chipu za mwilini ambazo namba yake inabadilishwa. Mimi siziweki. Anayetaka namba ya mwenzake mwilini mwake, huyo simgusi."

Terpstra aliinuka. Mlangoni Moyle alimwita.

"Afande. Yule mama ananiogopa, sivyo? Alipokuwa anachomwa nilimshika bega, nikahisi kama nimeshika ndege." Aliitazama mikono yake. "Mwambie hakuna anayemwona alipo. Kile kitu hakijui hata kama kiko Hobart."

*

Msimamizi wa bwawa alitafuta mtu wa kushika vipindi vya Keziah vya siku ile. Gari la Keziah waliliacha palepale kwenye maegesho ya bwawa, ili huyo anayeingia adhani yuko kazini, wakaondoka na gari la Terpstra lisilo na alama ya polisi. Mlima ulioinamia mji ulikuwa umevaa theluji mpaka mabegani, na moshi wa kuni ulikuwa umelala chini juu ya mapaa. Walishuka nyuma ya nyumba. Pybus akaenda kuegesha mtaa wa pili.

Keziah aliingia mwisho. Alisimama jikoni akinusa.

"Kuna kitu?" aliuliza Terpstra.

"Sijui. Siku hizi nanusa tu."

Terpstra alipita vyumba vyote: kabati, bafu, chini ya kitanda. Hapakuwa na mtu. Mlango wa nyuma akauacha bila kufunga kwa komeo ili Pybus apate kuingia. Ndipo wakakaa kwenye meza ya jikoni, mahali ambapo hapaonekani kutoka mlango wa mbele, Keziah akanyoosha mkono wake. Ulikuwa wa baridi.

Terpstra alitoa simu yake mwenyewe. Aliikingamisha juu ya kivimbe, akatulia kama alivyofundishwa. Simu ikalia.

Keziah alishtuka. "Imesoma!"

"Sasa ya kwako."

Walijaribu. Terpstra aliikingamisha, akaanza ukingo wa juu, akateremka polepole mpaka chini, akageuza, akarudia. Simu ilikaa kimya.

"Nilikwambia. Inanikataa."

"Hii kava umeinunua wapi?"

"Sikununua. Nilipewa. Nzuri, haiingizi maji."

Terpstra aliivua kava, akaiweka pembeni. Akaugusisha mkono tena kwa simu tupu. Ikalia papo hapo.

Wote wawili waliitazama ile kava. Ilikuwa ya mpira mweusi, na ndani ilikuwa na kitambaa laini. Terpstra alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kitambaa, ukafunguka. Gundi yake haikuwa ya kiwandani. Chini yake palikuwa na bati jembamba kama karatasi, limekatwa kwa mkasi kufuata umbo la simu.

"Bati," alisema Terpstra. "Umeme wa simu haupiti hapa. Ungegusisha mpaka mwakani."

"Lakini kwa nini? Mtu anipe kava ili tu simu yangu isi..."

"Nani alikupa?"

"Fergus." Alilitamka taratibu, kana kwamba anajaribu kama jina lenyewe lina uzito. "Fergus Inchbald. Wa karakanani. Alinipa wiki ya pili, uvimbe ulipokuwa unaanza kupungua. Akasema nisije nikaiangusha simu bwawani."

"Na simu ilipoendelea kukataa, ulimwendea nani?"

Keziah aliisogeza kava mbali naye. "Kila Jumamosi. Nilikaa naye kila Jumamosi. Wengine walijaribu mara moja na simu zao, ikishika, ikiachia, wakachoka. Yeye hakuchoka. Alikuwa na kidude chake cha kupimia. Ananiambia, tulia Kez, usitikisike. Ananishika mkono hivi, ananiambia habari za paka wake..." Aliuvuta mkono wake, akaupangusa kwenye suruali. "Nilimshukuru. Nilimpelekea keki!"

"Chipu hii haiibwi kwa kupita tu," alisema Terpstra. "Lazima mkono utulie. Angekushika mkono muda wote ule kwa sababu gani? Basi akaitengeneza sababu. Chipu yako haikuwa na ugonjwa, dada. Ugonjwa alikuletea yeye, halafu akajifanya mganga."

Keziah alifungua kinywa kusema neno, na mlango wa mbele ukalia.

Ulikuwa mlio mfupi, wa kitasa kinachotambua mtu wake. Kisha ulimi wa chuma ukarudi nyuma. Mezani, simu ya Keziah ikawaka: *Mlango umefunguliwa. Mkono.*

Mkono wenyewe ulikuwa umelala mezani, mbele ya macho yao.

Terpstra aliushika. Kwa mkono mwingine akaweka kidole midomoni, kisha akambonyezea Pybus ishara kwenye simu yake.

Mlango ulifungwa kwa upole, jinsi mtu anavyofunga mlango wa kwake.

"Nimerudi, mpenzi," ilisema sauti ya mwanamume ukumbini.

Hakuna aliyemjibu, na ilionekana hakutegemea jibu. Walisikia viatu vikivuliwa, kimoja, kisha cha pili. Walisikia kabati la ukumbini likifunguliwa, lile ambamo Keziah huweka makoti ya baridi na halifungui mpaka baridi izidi. Kitu laini kikaangushwa sakafuni. Halafu hatua zikaanza kuja, hatua za kuburuta, za mtu aliyevaa ndara.

Kucha za Keziah zilizama kwenye kiganja cha Terpstra.

Aliyetokea mlangoni mwa jikoni alikuwa mtu mwembamba, ndevu zake zimechanwa vizuri, sweta lake safi. Mkono wake wa kushoto ulishika chupa ya maziwa. Aliwaona. Kwa kitambo kirefu hakuna kilichobadilika usoni mwake.

"Kez," alisema hatimaye. "Gari lako liko bwawani."

"Umepitia kuliangalia?" aliuliza Terpstra.

"Nimeliona tu nikipita. Wewe ni nani?"

"Sajenti Terpstra, polisi. Umeingiaje humu, Bwana Inchbald?"

"Mlango ulikuwa wazi." Alitabasamu, akaiweka chupa juu ya friji kwa uangalifu. "Nikasema nimwekee Kez maziwa, yalikuwa yanaishia. Jirani mwema. Hilo nalo kosa?"

"Anaishi Kingston, mbali na hapa," Keziah alinong'ona.

"Ujirani huo umetoka wapi?" aliuliza Terpstra.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Pybus akaingia akihema, akasimama nyuma ya kiti cha Keziah. Terpstra akamwambia Inchbald kwamba yuko chini ya ulinzi kwa kuingia nyumba ya mtu bila ruhusa, kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Pybus akampekua. Simu. Pochi. Funguo za gari. Kitambaa cha kupangusia miwani. Hapakuwa na kadi, pete, wala chochote cha kufungulia mlango ule.

"Mmeona?" Inchbald aliwageuzia viganja. "Mlango ulikuwa wazi, na kitasa cha Kez ni kibovu, chipu yake haijawahi kufanya kazi. Muulizeni mwenyewe. Wana Jumamosi wote watawaambia. Mama wa watu anaona mambo."

Keziah alijikunyata kitini. Ndiyo maneno aliyokuwa ameyaogopa, kwamba yote ni ya kichwani mwake.

"Lete mkono wa kulia," alisema Terpstra.

"Kwa ajili gani?"

"Des, mshikie."

Pybus alimshika kifundo. Terpstra alichukua simu ya Keziah, tupu bila kava, akaiweka juu ya ngozi baina ya gumba na shahada. Hakuna. Inchbald alicheka puani.

"Hakuna kitu hapo, Sajenti."

Terpstra aliikingamisha simu. Akaanza na ukingo wa juu. Akateremka kidogo, akatulia. Jikoni hapakusikika kitu ila friji. Akageuza kidogo kushoto, kwa kuwa mwenye kujichoma mwenyewe huenda hakuchoma wima.

Simu ikalia.

Terpstra alimwonyesha Pybus namba zilizotokea. Kisha akaenda kwa Keziah. "Samahani, dada. Mara moja tu." Akausoma mkono wake. Namba zilikuwa zilezile, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Pybus alipiga mbinja ndogo. "Bwana wee. Umejidunga nyumba ya mwenzio."

Inchbald alitazama chini. Tabasamu lilikuwa limekwisha, lakini hakuonekana kuwa na aibu. Alionekana kama mtu aliyekatizwa katika jambo lake. Pybus alimgeuza kumpeleka mlangoni.

"Ngoja," alisema Keziah.

Alikuwa amesimama. Alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili. "Hukuiba. Hukunigusa. Ulikuwa unakuja kufanya nini humu?"

Inchbald alimtazama kana kwamba swali limemshangaza.

"Nilikuwa naishi," alisema. "Nakunywa chai, naoga, nalala kidogo. Nilikuwa nakusimulia siku yangu ilivyokwenda. Sijawahi kuvunja hata kikombe, Kez."

Pybus alimtoa. Alimtoa na zile ndara zake miguuni, akamkabidhi kwa askari wa gari la doria lililoitwa. Viatu vyake vilibaki ukumbini, vimepangwa sambamba pembeni mwa viatu vya Keziah.

Terpstra alipiga simu akaomba watu wa kuchukua alama za vidole, akaliweka lile bati kwenye mfuko, akazungushia mlango wa kabati utepe. Alipomaliza, Keziah alikuwa amevaa koti, amebeba mswaki na dawa zake, hakuchukua kingine.

"Yule dada yako wa Launceston unayekwenda kukaa kwake, anajua?"

"Ananisubiri. Niondoe hapa."

"Mwenye nyumba atabadilisha kitasa leo leo. Namba yako nayo tutaifuta."

"Ya kwangu mtaifuta. Na yeye, mtamkata mkono?"

Walitoka mbele. Alipogeuka kuuvuta mlango, Keziah alimshika mkono.

"Acha wazi."

"Baridi itaingia. Mtu yeyote anaweza kuingia."

"Najua," alisema Keziah. "Nikiufunga, nitaanza tena kujiuliza nani yuko ndani."

Akashuka ngazi peke yake. Hakusimama kando ya barabara kusubiri gari. Alikwenda katikati kabisa, mahali ambapo pande zote ziko wazi, akasimama pale, anageuka polepole, anatazama huku, anatazama kule, mpaka gari la Terpstra lilipofika, Pybus akiliendesha, na yeye akaona kwa macho yake kwamba kiti cha nyuma hakina mtu.